Tiketi isomwe katikati

Tiketi ya ndege watu huisoma kichwani na mkiani. Wanatazama inaondoka lini, inafika wapi, kisha bei. Mimi nimejizoeza kuanzia katikati, pale penye jina la uwanja ambao mwenye tiketi hana ndugu wala biashara nao, anapita tu. Hapo ndipo safari nyingi zinapovunjikia.

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga. Natoa kopi, naprinti, napiga picha za pasipoti, najaza fomu za mtandaoni za kila namna: za Uhamiaji, za vyuo, za mikopo ya wanafunzi. Si wakala wa tiketi. Lakini mtu akishakata tiketi kwa simu, au ndugu yake wa ughaibuni akamtumia kwa WhatsApp, lazima aje kuiprinti, maana wazee wetu hawaamini kitu ambacho hakijawa karatasi. Karatasi ikitoka kwenye mashine, macho yangu hupita juu yake kabla sijaikabidhi. Mtaniita mmbea. Sawa, lakini umbea huu umeshawaokolea watu hela.

Kilichozidi siku hizi ni video fupi. Alikuja kijana mmoja anayeuza spea za pikipiki, simu mkononi, uso umemkunjuka.

"Shangazi, China wamefuta viza. Siku kumi bure! Nataka niende mwenyewe Guangzhou nikachague mzigo, niachane na hawa wa kati."

Nikaitazama ile video mpaka mwisho. Haikuwa ya uongo. Ila aliyekuwa anaongea ni Mzungu, na alikuwa anaongelea pasipoti yake.

China kweli wana mpango wa kumruhusu msafiri anayepita kukaa bila viza. Zamani ulikuwa wa saa 72 kwenye baadhi ya miji na saa 144 kwenye mingine, na tarehe 17 Desemba 2024 wakaufanya wa saa 240 kote unakotumika, yaani siku kumi. Ila mpango huo una orodha ya nchi. Juni 2025 Indonesia ilipoongezwa, zikawa 55. Nyingi ni za Ulaya, halafu wamo Wamarekani, Wakanada, Wabrazili, Wajapani, Wakorea Kusini, Waqatari, watu wa Falme za Kiarabu. Kutoka Afrika haimo hata moja. Wenzetu wa Mauritius na Ushelisheli wanaingia China bila viza, lakini kwa mikataba yao wenyewe, si kwa mpango huu. Nilipomwambia hivyo yule kijana alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelifuta jina la Tanzania.

Na hata angekuwa na pasipoti ya Ufaransa, tiketi yake isingefaa. Alitaka kwenda Dar hadi Guangzhou, kisha Guangzhou hadi Dar. Huko siyo kupita. Umetoka kwenu, umefika ulikokusudia, umerudi kwenu. Anayepita ni yule aliyetoka nchi moja, akashuka ya pili, na ana tiketi yenye kiti kilichothibitishwa kwenda ya tatu. Kwa hesabu ya China, Hong Kong na Macau zinahesabiwa kama kwingine, kwa hiyo anayetoka Dar, akashuka Guangzhou, akaendelea Hong Kong, huyo amepita. Anayerudi alikotoka hajapita popote.

Kuna kanuni nyingine ya China ambayo hizo video haziitaji kwa sababu haina mvuto: ya saa 24. Hii ndiyo inayotuhusu, maana haichagui sana uraia. Ukiwa na tiketi ya kuendelea nchi ya tatu ndani ya saa 24 na ukabaki ndani ya uwanja, viza huhitaji. Ukitaka kutoka nje ukaone mji, unawaomba maafisa wa mpakani kibali cha muda, na wao wana haki ya kukukatalia. Tanga tunaitwa waja leo waondoka leo, kwa utani wa kwamba mgeni akishafika haondoki tena. Ya China ndiyo waja leo waondoka leo kweli, na hawatanii.

Kijana akaomba viza ya biashara, ile yenye herufi M, kwa barua ya mwaliko kutoka kwa muuzaji wa kule. Barua tuliprinti hapahapa.

Tuje kwenye swali ninalomuuliza kila mtu, na ambalo wengi huliona la kipuuzi: huko katikati, utapita mbele ya afisa uhamiaji wa nchi ile, au hutapita? Ndani ya viwanja vikubwa kuna eneo la wanaobadilisha ndege. Unashuka, unakaguliwa begi la mkononi, unatafuta geti lako, unapanda. Nchi ile hujaiingia kisheria ingawa umekunywa chai yake. Addis Ababa ni hivyo, Doha ni hivyo, Dubai, Istanbul. Mtanzania anapita humo bila viza, na ndiyo maana watu wengi wanaamini kwamba kubadilisha ndege hakuna masharti popote. Wamezoea viwanja hivyo vinne, basi wanadhani dunia nzima ni hivyo.

Alikuja mama mmoja wa Chumbageni, bintiye yuko Toronto, amejifungua. Viza ya Kanada ipo kwenye pasipoti, imegandishwa vizuri kabisa.

"Mwanangu, niprintie hii nikamwoneshe mzee."

Naisoma katikati: New York. Saa tano za kusubiri, halafu Toronto. Ilikuwa rahisi kuliko zote alizotafutiwa, na binti alikuwa ameishikilia tu, hajalipa.

"Mama, una viza ya Marekani?"

"Ya nini? Mimi nakwenda Kanada."

Ndiyo ugumu wenyewe. Marekani hawana eneo la kubadilishia ndege kwa msafiri wa kimataifa kama lile la Doha. Kila anayeshuka pale, hata kama ndege yake ya pili iko geti la jirani, anapanga foleni ya uhamiaji, anachukua mabegi yake, anapita forodha, ndipo anaanza upya. Zamani walikuwa na utaratibu wa kuwapitisha watu bila viza, wakausimamisha Agosti 2003 kwa sababu za kiusalama, na mpaka leo haujarudi. Mtanzania anayepita Marekani anatakiwa awe na viza ya kupita, ile C-1, nayo inaombwa kwa fomu ileile ya viza nyingine za muda, DS-160, ada dola 185, na usaili ubalozini Dar es Salaam. Jumlisha na nauli ya basi kutoka Kange, malazi na siku za kusubiri, halafu niambie ule urahisi uko wapi.

Nilimrekodia binti ujumbe wa sauti, nikamweleza taratibu bila kumtia hofu. Akapiga simu palepale. Wakabadilisha, ikawa ya Istanbul, tiketi moja, begi linabandikwa lebo Dar na kupokelewa Toronto. Ilizidi kidogo. Mama akasema afadhali, kwanza Istanbul kuna msikiti uwanjani.

Hapa nitoke pembeni. Ile viza yake ya Kanada ingemfaa zaidi kama tiketi ingepita London. Uingereza wana orodha ya nchi ambazo raia wake wanatakiwa viza hata kama hawatoki ndani ya uwanja, na Tanzania tumo. Kenya wamo, Uganda wamo, Rwanda na Burundi wamo, kwa hiyo hakuna jirani wa kumcheka mwenzake. Lakini ukiwa na viza hai ya Kanada, Marekani, Australia au New Zealand, unasamehewa hiyo ya ndani ya uwanja. Nimeona watu wanakwepa London kwa woga wakati wanayo ruhusa mkononi. Nimeona pia wanaokwenda visiwa vya Karibiani, ambako baadhi havitudai viza, wanakatiwa tiketi ya kupitia London wakiwa hawana viza yoyote ya nchi kubwa. Kule mwisho wa safari hawana tatizo. Tatizo ni hapo katikati.

Ulaya ya Schengen, yaani nchi zinazohesabu mpaka wao kuwa mmoja, ina ugumu wa aina yake. Kwa kanuni yao ya mwaka 2009 wana orodha ya pamoja ya nchi 12 ambazo raia wake wanahitaji viza ya uwanjani hata kwa kubadilisha ndege tu: katika majirani zetu na nchi za karibu wamo Wakongo wa Kinshasa, Waethiopia, Waeritrea na Wasomali. Tanzania haimo. Ila kila nchi mwanachama inaweza kuongeza majina yake, kwa hiyo unaangalia nchi unayopita, huangalii Ulaya kwa jumla. Hadi hapo ni habari njema: Dar hadi Frankfurt, Frankfurt hadi Toronto, unapita.

Sasa chukua tiketi ya vituo viwili: Dar, Roma, Frankfurt, Toronto. Kwenye karatasi inaonekana ni kituo kimoja tu kimeongezeka. Schengen lakini ni nyumba moja ya Kiswahili yenye vyumba 29: ukitaka kutoka chumba cha Italia kwenda chumba cha Ujerumani ni lazima upite ukumbini, na kufika ukumbini ni lazima uvuke kizingiti cha mbele. Ndege ya Roma kwenda Frankfurt kwao ni safari ya ndani. Afisa uhamiaji anakusubiri Roma, na anataka viza kamili ya Schengen. Mitandao ya kutafuta tiketi za bei rahisi inazipenda sana njia za namna hii. Yenyewe inapanga bei na saa. Pasipoti yako haiijui.

Kinachofuata ni mabegi, na hapa huwa nakuwa mkali kidogo. Tiketi mbili tofauti si safari moja. Mtu ananunua Dar hadi Dubai kwa shirika moja, kisha Dubai hadi kwingine kwa shirika jingine, kwa sababu ukijumlisha inapungua laki na kitu. Shirika la kwanza likikufikisha Dubai limemaliza kazi na wewe. Mara nyingi begi lako litakwenda kuzunguka kule nje kwenye mkanda, na nje ni baada ya afisa uhamiaji. Bila viza hulifikii begi lako. Kuna mashirika yenye makubaliano yanayoweza kukubandikia lebo hadi mwisho hata kwa tiketi mbili, lakini hilo liulizwe na kujibiwa kabla ya kulipa, siyo kaunta. Na mwingine anakatiwa ashuke Istanbul uwanja mpya, apandie Sabiha Gökçen. Hivyo ni viwanja viwili, kimoja upande wa Ulaya, kingine upande wa Asia, na katikati kuna Uturuki yenyewe. Ukivuka mji umeingia nchi.

Dubai nayo, kwa anayetaka kutoka nje kwa halali, ina viza za kupita: ya saa 48 haina ada, ya saa 96 ni dirham 50. Zinaombwa kupitia shirika la ndege kabla hujafika. Kuzikuta mlangoni hapana.

Watu huniuliza: nani atajua? Mimi nikishapanda ndege si nimepanda? Hapa ndipo ninapowaeleza kwamba afisa uhamiaji wa kwanza utakayekutana naye hajavaa sare ya Uhamiaji. Ni yule dada wa kaunta pale uwanja wa Julius Nyerere anayekupokea begi. Anaandika uraia wako, unakopita na unakokwenda kwenye mfumo unaoitwa Timatic, wa chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, na mfumo unamjibu kama unafaa kupandishwa. Mfumo ukisema hufai, hakupandishi. Hana roho mbaya. Shirika likimbeba mtu asiye na karatasi linapigwa faini, na kumrudisha ni juu yake. Umoja wa Ulaya waliweka sheria hiyo mwaka 2001, na faini inaweza kuanzia euro 3,000 kwa abiria mmoja. Kwa hela hiyo hata wewe usingempandisha ndugu yako.

Kwa hiyo kubishana naye hakusaidii, wala kumwonesha video. Kinachosaidia ni kwenda na kanuni yenyewe imeprintiwa kutoka tovuti ya nchi unayopita, yenye tarehe, maana mara nyingine wa kaunta ni mgeni wa kazi na msimamizi akiletewa karatasi anaisoma. Mashirika mengi na hata IATA wenyewe wana kurasa za bure ambako unajaza uraia wako na njia yako, ukapata jibu lilelile atakalolipata dada wa kaunta. Fanya hivyo kabla ya kulipa tiketi. Baada ya kulipa unatafuta tu kujua umeumia kiasi gani.

Sisi wa Tanga tuna jambo letu ambalo watu wa Dar hawana: Mombasa iko karibu nasi kuliko Dar. Unapanda gari asubuhi, Horohoro, Lunga Lunga, mchana uko Mombasa na uwanja wa Moi. Kuna watu wanaanzia safari zao huko, na sina neno nao. Kenya waliondoa viza Januari 2024 wakaweka kibali cha mtandaoni, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hata hicho hatudaiwi. Unavuka kwa pasipoti, unagongewa, basi. Ila jueni kwamba mkianzia Mombasa mnaingia Kenya kikamilifu, na kurudi vilevile. Sasa Kenya iko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania inadai kadi ya chanjo kwa anayetoka nchi kama hizo. Tena inadai hata kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 uwanjani kwenye nchi kama hiyo bila kutoka nje. Ethiopia nayo imo. Wale wa tiketi rahisi za Addis zenye kusubiri usiku kucha na nusu ya siku, hesabuni saa zenu vizuri. Viza hamkuhitaji, ila kadi ya njano mnaihitaji, na ichanjwe angalau siku kumi kabla, maana kabla ya hapo haihesabiki.

Nikimaliza hilo huwa naulizwa la Umra, na safari hii wameniuliza kina mama wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, wanaojipanga kwenda pamoja. Wamesikia kwamba ukipita Saudi Arabia unaruhusiwa siku nne na unafanya Umra yako humohumo. Ni kweli ipo. Ilianza mwishoni mwa Januari 2023: anayepanda shirika la Saudia au flynas anaomba pamoja na tiketi, anapewa kukaa hadi saa 96, na Umra inaruhusiwa, na Madina pia. Tofauti na hizo nyingine, hapa viza ipo, inatoka kwa njia ya mtandao. Si kupita bila viza.

Lakini imewekwa kwa mtu ambaye safari yake inaendelea. Mtoto wa dada yangu anayesoma Uturuki, akija likizo kupitia Jedda, hiyo ni yake kabisa. Kina mama hawa wanatoka Tanga, wanakwenda Makka, wanarudi Tanga, kama kijana wa spea na Guangzhou yake. Nimewaambia tuombe viza ya Umra ya kawaida kwa kundi lote, kwenye Nusuk, jukwaa la mtandaoni la Saudi Arabia, au kupitia kampuni iliyosajiliwa, na kila mmoja aje kwanza na pasipoti nitazame imebakiwa na muda gani. Yenye chini ya miezi sita tunaanzia Uhamiaji. Wa kwanza wao alikuja jana, yake inaisha Machi.